Bao la Pili Litatoka Wapi? Waraka wa Wazi kwa TFF

Ofisi ya Katibu Mkuu,
Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF),
Karume, Ilala,
Dar es Salaam.

Ndugu Katibu Mkuu,

YAH: TAIFA STARS KUELEKEA AFCON 2027

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni shabiki wa Taifa Stars, mlipa kiingilio wa mzunguko, mkazi wa Temeke. Sikutumwa na tawi lolote la Simba wala la Yanga, na hilo nalitaja mapema maana najua swali la kwanza litakaloulizwa kuhusu barua hii ni hilo.

Nianze kwa kutoa shukrani, kwa sababu zinastahili. Januari 4, 2026, pale Rabat, Stars ilicheza hatua ya mtoano ya AFCON kwa mara ya kwanza tangu nchi hii ianze kushiriki. Wenyeji Morocco walitufunga bao 1-0, la Brahim Díaz, na hadi dakika za mwisho walikuwa wakitazama saa. Watu walirudi majumbani wamenuna kwa ile penalti tuliyoililia, lakini walikuwa wamenuna kama watu walioona timu yao ikicheza. Hatukuzoea. Miaka mingi tulizoea kununa kwa aibu.

Sasa baada ya shukrani, hesabu. Tulifika hatua ile kwa pointi 2. Tulifungwa 2-1 na Nigeria, tukatoka sare 1-1 na Uganda, tukatoka sare 1-1 na Tunisia, tukapita kama mmoja wa washindi wa tatu bora. Ukiunganisha mechi zile 4 na zile za Lagos mwaka 1980, za Misri 2019 na za Ivory Coast mapema 2024, Taifa Stars imecheza mechi 13 za fainali za AFCON. Sare 5, vipigo 8, ushindi hakuna. Kizazi cha Thuwein Ally cha 1980 na cha Feisal Salum cha leo vimetenganishwa na miaka 45, na vyote viwili vinasubiri kitu kilekile.

Nafasi ya 2027 tunayo kama wenyeji, pamoja na Kenya na Uganda. Hakuna atakayetutoa jasho la kufuzu. Ndiyo maana mjadala wa kikosi umewaka hivi, na ndiyo maana ninawaandikia.

Naomba niwapeleke kidogo kijiweni, kwa kuwa sina hakika kama ofisini kwenu kinasikika. Kwetu mjadala wa Stars huanza na majina na huishia kwenye majina. Anayeanza huwa ni kijana mmoja muuza vifaa vya simu, naye ana hoja moja tu: Mbwana Samatta apumzishwe. Alizaliwa Desemba 1992, anasema, ikifika fainali za nyumbani atakuwa na miaka 34, tumshukuru, tumpigie makofi, tusonge. Mzee wa kahawa humjibu kwa kumkumbusha nani alikuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza na nani alifunga Wembley dhidi ya Manchester City katika fainali ya Kombe la Ligi mwaka 2020. Kijana anajibu kwamba Wembley haitufungii bao 2027. Hapo sauti hupanda, na kahawa huanza kupoa kwenye vikombe.

Hoja ya pili ni ya wale waliokulia nje. Haji Mnoga na Tarryn Allarakhia walilelewa Uingereza, Charles M'Mombwa alikulia kisoka Australia, na kila orodha inapotoka mtu huuliza kama hawa "wanaijua jezi". Mimi nadhani mjadala huu ulipaswa kufa Desemba 2025 pale Fes, M'Mombwa alipoisawazishia Stars dhidi ya Nigeria. Haukufa. Umehamia tu kwa wengine, na tangu Januari 2025, wachezaji watatu wa kigeni wa Singida Black Stars walipopewa uraia, umepata na tawi jipya.

Halafu kuna ugonjwa wetu mkubwa, wa Kariakoo. Mohamed Hussein "Tshabalala" alipokuwa Simba, upande mmoja wa benchi letu ulimwita beki bora wa kushoto Afrika Mashariki na upande wa pili ukamwita mzito. Mwaka 2025 akahamia Yanga. Wiki ileile pande zikabadilishana maneno, neno kwa neno, bila hata kuoneana haya. Feisal naye kuna watu hawajamsamehe kuondoka Yanga kwenda Azam, basi hata bao lake dhidi ya Tunisia walilishangilia kwa nusu mdomo. Mashabiki wa namna hii ndio tulio nao, na mimi ni mmoja wao, sijitoi.

Lakini, Ndugu Katibu Mkuu, nina sababu ya kusema kwamba mjadala wa majina hautatufikisha popote, na sababu hiyo inaitwa Simon Msuva.

Juni 27, 2019, Cairo, dhidi ya Kenya: Msuva anafunga dakika ya 6. Tunaongoza. Kenya wanasawazisha, dakika moja baadaye Samatta anaturudisha mbele, tunakwenda mapumziko tukiwa 2-1. Tunamaliza tumefungwa 3-2, Michael Olunga akifunga mawili.

Januari 21, 2024, San Pedro, dhidi ya Zambia: Msuva anafunga dakika ya 11. Tunaongoza. Kabla ya mapumziko Zambia wanabaki 10 uwanjani baada ya Roderick Kabwe kutolewa kwa kadi nyekundu. Kipindi kizima cha pili tuko wengi kuliko wao. Dakika ya 88 Patson Daka anapiga kichwa, sare 1-1.

Desemba 27, 2025, Rabat, dhidi ya Uganda: Msuva anafunga kwa penalti dakika ya 59. Tunaongoza. Dakika ya 80 Uche Ikpeazu anasawazisha, na tungefungwa kabisa kama Allan Okello asingepaisha penalti ya Uganda mwishoni.

Fainali tatu, mfungaji yuleyule, mkasa uleule. Makocha walikuwa watatu tofauti: Emmanuel Amunike, Hemed Suleiman "Morocco", Miguel Gamondi. Mabeki walibadilika, makipa walibadilika, hata mtindo wa jezi ulibadilika. Ningekuwa nataka kumtafuta mchawi ningesema ni Msuva mwenyewe, ila huyo ndiye pekee aliyefanya kazi yake kila mara.

Kilichokosekana mara zote ni bao la pili, au la tatu kwa ile ya Kenya. Katika mechi zote 13 za AFCON Stars imefunga mabao 9, na ni mechi moja tu ambayo tulifunga zaidi ya bao moja: hiyohiyo ya Kenya, ambayo tulifungwa. Timu isiyofunga bao la pili haiwezi kulinda la kwanza, kwa sababu dakika ya 70 ikifika mpinzani anajua hana cha kuogopa, anapandisha watu wote. Zambia walitupandia wakiwa 10! Sijui kama mliirudia mechi ile. Mimi niliirudia. Robo saa ya mwisho kila mpira tulioukoa ulirudi, kwa kuwa mbele hakukuwa na wa kuushika.

Na msidhani ni tatizo la AFCON peke yake. Kwenye kufuzu Kombe la Dunia 2026 tulicheza nyumbani, Amaan, Zanzibar, mechi mbili za lazima: Niger mwezi Septemba 2025, Zambia mwezi Oktoba. Zote tulifungwa 1-0. Dakika 180 mbele ya watu wetu, bao hakuna.

Sasa twende kwenye ligi, maana jibu ninaloliona liko huko, na huko ninyi ndio wenye kanuni mikononi.

Tazameni beki. Ibrahim Bacca, Dickson Job, Bakari Mwamnyeto: msimu baada ya msimu Yanga imecheza Ligi ya Mabingwa Afrika ikiwategemea Watanzania hawa katikati ya ulinzi. Wamekutana na Al Ahly, na Mamelodi Sundowns, na washambuliaji wa kila aina. Matokeo yake tunayaona Stars. Rabat, dhidi ya Morocco, tulifungwa bao moja. Katika CHAN ya Agosti 2025 tulifungwa bao moja katika mechi 4 za kundi, tukawapiga Burkina Faso, Mauritania na Madagascar, tukaongoza kundi, kisha tukatolewa kwa bao 1-0 na Morocco waliokuja kuwa mabingwa. Hatuna shida ya kuzaa mabeki, kwa sababu mabeki wetu wanacheza.

Tazameni sasa wafungaji bora wa Ligi Kuu. Msimu wa 2018/19 Meddie Kagere, mabao 23. Msimu uliofuata Kagere tena, 22. Kisha John Bocco, 16, na George Mpole wa Geita Gold, 17, wakatupa misimu miwili ya kupumua. Halafu 2022/23 Fiston Mayele na Saido Ntibazonkiza, 17 kila mmoja. 2023/24 Stephane Aziz Ki, 21. 2024/25 Jean Charles Ahoua, 16. Katika misimu saba hiyo Watanzania ni wawili, na mmoja wao alifunga akiwa Geita, mbali na vilabu vikubwa vinavyoruhusiwa kusajili wageni 12 na vyenye fedha za kuwaleta.

Golini ni hadithi ileile. Yanga ina Djigui Diarra wa Mali tangu 2021. Simba ilimleta Ayoub Lakred kutoka Morocco mwaka 2023, kisha Moussa Camara kutoka Guinea. Aishi Manula, aliyedaka kwenye fainali za 2019, alijikuta benchi katika ubora wake. Kipa wa Tanzania leo hufunzwa dhidi ya mashuti ya mazoezini.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na wageni. Bila Mayele na Diarra, Yanga isingefika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023, na Simba isingefika fainali ileile mwaka 2025 bila akina Ahoua na Camara. Nililipa kiingilio kuwaona na nitalipa tena. Anayesema wafukuzwe wote arudi kwanza kutazama soka letu la miaka ya 2000, anywe na maji. Ninachosema ni kwamba vilabu vimefanya uamuzi wa kibiashara ulio sahihi kwao: walinzi wa hapa, wafungaji wa nje. Timu ya taifa imelipa gharama ya uamuzi huo, na shirikisho ndilo pekee lenye kazi ya kuangalia upande wa pili wa hesabu.

Kuna mambo yanayowezekana bila kugusa ile idadi ya 12. Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani ni mashindano yenu. Wekeni kanuni kwamba kila timu ichezeshe kipa Mtanzania, na kwamba mshambuliaji mmoja wa kati anayeanza awe Mtanzania. Vilabu vitalalamika wiki mbili. Ikiwa hilo ni gumu, toeni zawadi ya fedha kwa klabu ambayo straika wake wa Kitanzania mwenye umri chini ya miaka 23 amecheza dakika nyingi zaidi katika ligi. Ikiwa nalo ni gumu, basi angalau chapisheni kila mwezi dakika alizocheza kila mchezaji anayeitwa Stars. Kijana wetu wa vifaa vya simu atapata kitu kingine cha kupigia kelele zaidi ya mwaka wa kuzaliwa wa Samatta.

Kuhusu Samatta mwenyewe, kwa kuwa najua mtaniuliza: aachwe acheze mpaka aseme mwenyewe basi, ila asianze kila mechi akiwa peke yake na mabeki wawili mgongoni. Mtu wa miaka 34 anaweza kukupa dakika 25 za mwisho zilizo bora kuliko dakika 90 za mtu mwingine. Hizo dakika 25 ndizo tunazopotezea mechi.

Nihamie kwa makocha, kwa ufupi, kwa sababu orodha inajieleza. Tangu Amunike alipokabidhiwa timu mwaka 2018 hadi Gamondi alipoitwa Novemba 2025: Amunike, Etienne Ndayiragije, Kim Poulsen kwa awamu yake ya pili, Honour Janza, Adel Amrouche, Hemed Suleiman, Gamondi. Makocha 7 katika miaka 7 na ushee. Amunike alitupeleka Misri, mkaachana naye mara tu tuliporudi. Amrouche alitufuzisha, kisha mashindano yakiwa yameanza CAF ikamfungia kwa maneno aliyoyasema kuhusu Morocco, na Hemed akaibeba timu katikati ya njia. Hemed naye akatufuzisha, kwa lile bao la Msuva dhidi ya Guinea pale Mkapa Novemba 2024, halafu akaondoka mwezi mmoja na nusu tu kabla ya kwenda Morocco. Gamondi alifanya vizuri, tena sana, kwa muda aliopewa. Lakini hakuna kocha hata mmoja aliyekwenda AFCON ya pili akiwa na daftari la ile ya kwanza. Kila mara somo la dakika za mwisho linafundishwa upya, kwa wanafunzi walewale, na mwalimu mgeni.

Jambo la vijana linaniuma kwa namna yake. Aprili 2019 tulikuwa wenyeji wa AFCON ya vijana chini ya miaka 17, hapa Dar es Salaam. Serengeti Boys walifungwa 5-4 na Nigeria, wakafungwa na Uganda, wakafungwa na Angola. Tulipoteza mechi zote tatu tukiwa nyumbani, kwa hiyo kuandaa mashindano na kuyacheza ni mambo mawili, tulishaonjeshwa. Ila vijana waliomfunga Mnigeria mabao 4 katika mechi moja walikuwa na mbegu ya kitu, na mwaka 2027 watakuwa na miaka 25 au karibu na hapo, umri wa mchezaji kuwa kileleni. Kelvin John tunamwona, alipitia Genk, anaitwa Stars. Wengine wako wapi? Nani katika ofisi yenu anashika faili lao?

Ombi langu, Ndugu Katibu Mkuu, ni kwamba mtoe hadharani ripoti ya benchi la ufundi ya fainali za Morocco, kwa Kiswahili, kila mtu aisome. Siyo ile ya safari na posho. Nataka ile inayosema kwa nini tulirudi nyuma baada ya kuifunga Uganda, nani aliamua mabadiliko, wachezaji wetu walikimbia kiasi gani baada ya dakika ya 70, na straika gani wa Kitanzania anafuatiliwa kwa ajili ya 2027, na anacheza dakika ngapi klabuni kwake. Iambatane na jina la kocha atakayekuwa kwenye benchi siku ya mechi yetu ya kwanza ya fainali hizo, na ahadi ya maandishi kwamba hataondolewa miezi miwili kabla. Tukifungwa akiwa yeye, tutajua tumefungwa na nini.

Mkishatoa hiyo, tuachieni sisi. Tutabishana, tena kwa nguvu zaidi, maana ubishi ni haki ya aliyelipa kiingilio. Lakini tutabishana juu ya kitu kilichoandikwa. Sasa hivi tunabishana juu ya majina kwa sababu majina ndiyo kitu pekee mnachotutangazia: orodha inatoka, kocha anasema wachezaji wako tayari, ndege inaondoka.

Na kwa wasomaji wenzangu wa Kariakoo, wa upande wowote: siku ya mechi ya kwanza ya 2027 msije Mkapa na jezi za klabu. Nunueni ya Stars, hata ile ya zamani inafaa. Atakayemzomea mchezaji kwa sababu ya klabu anayotoka, aliye jirani yake amwambie akae chini.

Ndugu Katibu Mkuu, nasubiri majibu, na nakala ya barua hii nimeipeleka kijiweni.

Wasalaam,

Shabiki wa Taifa Stars,
Temeke, Dar es Salaam.